Mpiga solo wa Leningrad: barua kwa Mjomba

St. Petersburg, Novemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Mimi mzima, ila huku jua linazama saa kumi jioni. Mwambie Bibi makoti ninayo, asinililie tena kwenye simu.

Uliniuliza kama hawa Warusi wanajua gitaa au ni watu wa piano na fidla tu. Nilikujibu kwa mkato, vocha ilikuwa inaisha. Sasa nakujibu sawasawa, maana nimempata mtu wako. Anaitwa Yuri Kasparyan.

Ukimuuliza yeyote huku, atakutajia Viktor Tsoi, mwimbaji na mtunzi wa bendi ya Kino. Picha za Tsoi zimechorwa kwenye kuta za mji huu, ambao enzi zake uliitwa Leningrad, na vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya kifo chake wanaimba nyimbo zake zote kwa moyo. Kasparyan, aliyepiga solo pembeni yake, hawamtaji. Hilo wewe, mpiga gitaa mwenzake, huhitaji kuelezwa.

Kasparyan alizaliwa 1963, baba yake Mwarmenia. Shuleni alisomea cello, ile fidla kubwa, kisha 1983 akaingia Kino. Wapo walioandika kwamba mwanzoni alikuwa anapotea mapigo, na watu wakamshangaa Tsoi kwa kumng'ang'ania. Tsoi alisikia kitu ambacho wengine hawakukisikia.

Mwaka huohuo kwenu Tanzania ilikuwa operesheni ya Nguvu Kazi, asiye na kazi anasombwa kupelekwa shamba. Na huku sheria ilikuwa hivyohivyo: usipoonyesha unafanya kazi wapi, wewe ni mnyonyaji na polisi wanakutafuta. Ndiyo maana wanamuziki wa roki walikuwa walinzi wa usiku, wafagiaji, wachochea makaa. Tsoi alifanya kazi kwenye chumba cha boila, mtaa wa Blokhina, anachochea makaa ya mawe ili maji ya moto yafike majumbani. Siku hizi ni makumbusho. Niliingia, ni chini ya ardhi, dari iko karibu na kichwa, na boila lenyewe bado lipo.

Bendi zilizotambuliwa na serikali zilipewa vyombo, mishahara na safari, kama nyinyi mlivyopiga magitaa ya shirika. Kino hawakuwa hao. Walikuwa wanachama wa Klabu ya Roki ya Leningrad, iliyofunguliwa 1981, ambako maneno ya wimbo yalikaguliwa na kugongwa muhuri kabla hujapanda jukwaani. Kampuni ya santuri ilikuwa moja tu, Melodiya, nayo ya serikali. Basi nyimbo zao zilienea kwa kanda, mtu anamrekodia mwenzake, yule naye anamrekodia mwingine, mpaka zikafika Siberia zikiwa zimejaa mikwaruzo.

Kisha akaja Mmarekani mmoja, Joanna Stingray, mwanamuziki. Alizitoa kanda nje ya nchi kwa kificho, na 1986 ikatoka Marekani santuri ya bendi nne za Leningrad, Kino wakiwemo. Wakubwa wa huku walikasirika. Yeye na Kasparyan walitaka kuoana, akanyimwa viza; wakaoana hatimaye 1987. (Baadaye waliachana, usimwambie Bibi, atasema alijua.) Stingray ndiye aliyewaletea rekoda ndogo ya Yamaha ya treki nne, yaani njia nne tu za kurekodia sauti, na hiyo ndiyo iliyotengeneza albamu yao kubwa ya 1988, Gruppa Krovi. Treki nne, Mjomba! Mpiga ngoma wao, Georgy Guryanov, alikuwa anapiga amesimama.

Sasa solo lenyewe. Kasparyan hakimbizi vidole. Tsoi akimaliza mstari, gitaa linaingia kwa noti chache, safi, zenye mwangwi, linasema lake na kunyamaza kabla hujalichoka. Pale kwenye njia ya chini ya barabara ya Nevsky nilimkuta kijana mwenye spika ndogo anapiga nyimbo hizo. Alipofika kwenye kipande cha solo hakukipiga, alikiacha, na wapita njia wakakiimba kwa mdomo, la la la, noti kwa noti. Nadhani hakuna sifa kubwa zaidi ya hiyo kwa mpiga solo, ingawa hakuna hata mmoja pale aliyelitaja jina lake.

Tarehe 24 Juni 1990 walipiga uwanja wa Luzhniki, Moscow, mbele ya makumi ya maelfu. Siku hiyo Kasparyan alitimiza miaka 27. Agosti 15 Tsoi akafa Latvia, gari lake lilipogongana na basi. Kiangazi hicho walikuwa wamerekodi majaribio ya albamu mpya. Wenzake wakamalizia muziki juu ya sauti ya marehemu. Hapo ndipo napenda Kasparyan asikike, si kwenye tamasha.

Bado anapiga. Alikaa miaka mingi na mwimbaji Vyacheslav Butusov katika bendi ya U-Piter, na 2021 Kino wakarudi jukwaani, sauti ya Tsoi ikitoka kwenye rekodi za zamani.

Nimemtumia Neema nyimbo nne kwa WhatsApp. Mwambie akupe zile earphone, usisikilize kwa spika ya simu. Ule wa pili nimejaribu kuupiga na nakwama kwenye mpito wa kuingia solo. Nitafutie pozisheni ya vidole, unirekodie sauti unitumie. Na zile nyuzi ulizoniagiza nimezipata, zitakuja na mtu anayesafiri Desemba.

Nisalimie wote nyumbani.

Mpwa wako,
Hamisi