Kabla ya kumlipa wakili wa wosia

Mhariri,

Kila ugomvi wa mirathi unapofika magazetini, ushauri huwa uleule: andikeni wosia kwa wakili. Ni ushauri mzuri, lakini hausemi wakili huyo atapatikanaje wala atalipwa nini. Hapo ndipo wenye kipato cha kawaida wanapokata tamaa, au wanapoangukia mikononi mwa vishoka.

Ieleweke kwanza kwamba wosia hauhitaji wakili ili uwe halali. Nguvu yake iko kwa mashahidi. Kwa wanaofuata sheria za kimila, Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 linataka wosia wa maandishi uwe na tarehe, uandikwe kwa wino, na ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mwingine wa nje. Mwenye wosia asipojua kusoma, mashahidi ni wanne. Muislamu huusia hadi theluthi moja tu ya mali yake, tena kwa asiye mrithi. Kwa wanaofuata sheria ya kiserikali, yaani isiyo ya kimila wala ya Kiislamu, mashahidi ni wawili, na shahidi aliyeachiwa mali katika wosia huohuo hupoteza alichoachiwa. Ukikosea hapa, muhuri wa wakili hautakuokoa.

Kwa hiyo mwenye nyumba moja, shamba na akaunti ya benki aanzie RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), ambako wosia huandikwa na kuhifadhiwa. Fedha za wakili ziwekwe kwa mambo magumu: wake zaidi ya mmoja, watoto wa nje ya ndoa, hisa za kampuni, kiwanja chenye majina mawili kwenye hati, au familia yenye dini mchanganyiko. Hili la mwisho lina uzito mkubwa, kwa sababu Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Mirathi ya sheria ya kiserikali ikifunguliwa huko, uamuzi unaweza kutenguliwa baada ya miaka na familia ikaanza upya.

Ukishampata wakili, tafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania kabla hujatoa hata shilingi. Leseni huhuishwa kila mwaka, hivyo aliyekuwa halali mwaka jana huenda leo haruhusiwi kufanya kazi. Kisha muulize ameshughulikia mirathi mara ngapi. Hodari wa kesi za jinai si lazima awe hodari wa wosia.

Kuhusu malipo, kuandaa wosia ni kazi yenye mwanzo na mwisho. Dai bei moja kwa maandishi, ioneshe marekebisho mangapi yamo ndani yake na nani atatunza nakala halisi, na udai risiti. Kataa kabisa asilimia ya mali. Angalia pia kama wakili amejiandika mwenyewe kuwa msimamizi wa mirathi. Kama hukumwomba, kifungu hicho kiondolewe.

Gharama hupungua sana ukifika ukiwa umejiandaa. Beba nakala za hati, orodha ya madeni, jina la msimamizi na la wa akiba, na majina ya warithi kama yalivyo kwenye vitambulisho vya NIDA au vyeti vya kuzaliwa. Mtoto aliyeandikwa kwa jina la nyumbani atahangaika na viapo vya majina benki na ardhi wakati wewe haupo kumtambulisha.

Asiyeweza kulipa asikae kimya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huduma yao ni ya bure. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itakuelekeza waliko. TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania) na WLAC (Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake) pia husaidia, hasa wanawake.

Tunakiomba Chama cha Mawakili Tanganyika kibandike katika kila mahakama ya wilaya majina ya mawakili wa eneo hilo wanaoshughulikia mirathi, pamoja na bei ya wosia wa kawaida.

Wasomaji wako,
Morogoro