Mwombeni mfadhili darubini, si "msaada wowote"

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na walimu walezi wa klabu za wanyamapori, pamoja na kampuni zinazopokea barua zao.

Barua nyingi za shule kuomba ufadhili hufanana. Huanza na aya mbili za umuhimu wa wanyama kwa vizazi vijavyo, kisha humalizia kwa "tunaomba msaada wowote mtakaojaaliwa". Anayeisoma ofisini hana mamlaka ya kuidhinisha "wowote". Ana fungu lenye kikomo, na lazima amweleze mkubwa wake fedha zitanunua nini na kazi itakwisha lini. Barua isiyomjibia maswali hayo huwekwa kando, hata kama yeye mwenyewe anawapenda tembo kuliko sisi sote.

Kwa hiyo ivunjeni programu vipande kabla ya kushika kalamu. Tuseme klabu ina wanafunzi 40: kuna ziara ya hifadhini, darubini, vitabu vya kutambua ndege, kitalu cha miche, na maadhimisho ya Siku ya Wanyamapori Duniani, Machi 3. Kila kipande kiwe na gharama yake na mtu wake wa kuombwa.

Kinacholemea bajeti mara nyingi ni usafiri. Mwenye mabasi aombwe basi lenyewe kwa siku moja ya katikati ya wiki, asiombwe fedha. Ila iandikwe wazi nani analipa mafuta na nani posho ya dereva, la sivyo basi litafika shuleni na tangi tupu, na watoto watarudi darasani. Hifadhi nyingi hupunguza kiingilio kwa wanafunzi, mradi barua yenye idadi ya watoto na walimu ifike mapema. Anzeni na punguzo hilo, maana mfadhili akiona kuna aliyekwisha kuchangia, naye hulegea.

Vifaa vitajwe kwa sifa zake. Mkiandika "darubini" tu, mtaletewa za 10x50 kwa kuwa namba ni kubwa, au za kuchezea zenye lenzi za plastiki. Namba ya kwanza ni mara ambazo kitu hukuzwa. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Darubini inayokuza mara 10 hukuza pia mtetemeko wa mkono, na za 10x50 ni nzito: mtoto wa miaka 11 ataona majani yakicheza, ndege asimwone. Ombeni 8x32. Ni nyepesi, na huonyesha eneo pana kiasi kwamba hata anayeanza humpata ndege kabla hajaruka. Moja inatosha wanafunzi wanne: mmoja anatazama, mwingine anatafuta kitabuni, wa tatu anaandika, wa nne anashika saa. Klabu ya 40 ikitoka kwa zamu mbili, hizo ni darubini 5. Ombeni 6, na mseme kabisa kuwa ya sita ni ya akiba.

Barua iwe ukurasa mmoja, mchanganuo wa gharama uambatanishwe. Pigeni simu kwanza mjue jina la anayehusika na mwezi wanaopanga bajeti. Barua ikifika wiki mbili kabla ya ziara, fungu limeshagawanywa. Miezi mitatu ndiyo walau. Asilimia 10 ya dharura ipewe mstari wake, isifichwe kwenye mafuta. Wahasibu wanayajua mafuta yaliyotiwa chumvi.

Fedha ziingie akaunti ya shule yenye watia saini wawili, kamwe zisipitie simu ya mwalimu. Mwalimu mlezi akihamishwa, na huhamishwa, kumbukumbu zibaki shuleni.

Ripoti iende ndani ya siku 30, ikiwa na risiti. "Wanafunzi wamehamasika" haimwambii mfadhili kitu. Wapeni watoto maswali 10 kabla ya programu na yale yale baadaye, mlinganishe. Kila mwezi wahesabu ndege kwa dakika 10, mahali pale pale na saa ile ile, idadi ichorwe kwenye grafu. Picha za watoto zitumwe kwa idhini ya wazazi tu.

Jihadharini na mfadhili wa fulana. Analeta fulana 40 na bango refu, anapiga picha, kisha mnabaki bila nauli. Kuna pia anayetaka bidhaa zake zisifiwe darasani, au mwenye kiwanda kinachotiririsha uchafu mtoni ambaye hataki watoto wapime maji ya mto huo. Nembo kwenye bango haina shida; somo halina nembo. Masharti yaandikwe na kusainiwa kabla hata senti moja haijapokewa.

Kwa upande wa kampuni, ombi letu ni dogo: wekeni bayana mwisho wa kupokea maombi na kiwango cha juu mnachotoa, na mkikataa, mjibu ndani ya mwezi. Shule iliyojibiwa "hapana" mapema bado ina muda wa kubisha hodi kwingine kabla ya muhula kwisha.

Walimu walezi wa klabu za wanyamapori