Barua kwa mwanangu: ule mchezo wako wa kukisia namba

Mwanangu mpendwa,

Mchezo wako umenifikia na nimeucheza. Nimefurahi, tena sana, na haya yanayofuata yasikufanye uone vingine. Lakini Jumapili unaondoka kwenda kusomea kazi hii ya kuandika programu, na tangu niucheze kuna jambo limenikaa rohoni.

Nilikisia 9, nikaambiwa ni kubwa mno. Nikaandika 8, kubwa mno. 7, kubwa mno. 6, ndogo mno. Nikabaki nikiitazama skrini: kati ya 6 na 7 kuna namba gani nzima? Nafasi zilipokwisha, mchezo ukanifunulia namba ya siri. Ilikuwa 63.

Ndipo nikafungua faili lenyewe. Namba ya siri umeizungushia str, yaani umeigeuza kuwa maandishi. Nadhani najua ilivyokuwa. Chochote mtu anachoandika kwenye kibodi, input hukirudisha kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu, na ile uliyoichota kwa randint, inayochagua namba kwa bahati nasibu, ni namba kamili. Python, lugha uliyoandikia mchezo, haikubali kupima namba na maandishi kujua kipi kikubwa. Ilisimama, ikakueleza hivyo, ikakuonyesha na mstari wenyewe. Hapo ulikuwa na njia mbili: ugeuze jibu la mchezaji liwe namba kwa int, au ugeuze namba ya siri iwe maandishi. Zote mbili zinauondoa ule ujumbe wa kosa, ila ya pili inaleta balaa. Maandishi hupimwa kama maneno yanavyopangwa kwenye kamusi, alama ya kwanza kwa alama ya kwanza. "9" inahesabiwa kubwa kuliko "63" kwa sababu 9 inazidi 6, na ile 3 haiangaliwi kabisa. Nimeandika hata neno hamsini kwa herufi, nikaambiwa ni kubwa mno.

Sasa niambie kweli, mwanangu: uliusoma ule ujumbe wa kosa, au ulitafuta tu cha kuunyamazisha?

Nauliza kwa sababu si hapo tu. Yote yaliyo ndani ya mzunguko, ile sehemu inayojirudia kila mtu akikisia, umeyaweka kwenye try, yaani jaribu, na except yake, inayosema la kufanya kosa likitokea, haitaji kosa lolote, ina pass peke yake, yaani usifanye kitu. Nilipotaka kutoka nikabonyeza Ctrl na C, mchezo ukaniomba namba nyingine. Nikabonyeza tena, vilevile. Ikabidi nifunge dirisha zima. Except tupu hukamata kila kitu, hata amri ya mtu anayetaka programu isimame. Naona uliiweka ulipokuwa unahangaika na kosa lilelile, halafu ikabaki. Ukishatumia int, except itakuwa na kazi yake halali: taja ValueError, ndilo kosa linalotokea int ikipewa kitu kisicho namba, kisha umwambie mchezaji kwa upole aandike namba. Usiandike pass.

Kuna mahali umenipendeza. Randint umeiweka juu ya while, nje ya mzunguko. Wengi wanaoanza huiweka ndani, namba ya siri ikawa inabadilika kila mtu akikisia, nao wasijue kwa nini hakuna anayeshinda. Wewe hukuingia mtego huo. Pia umeandika "kuanzia 1 hadi 100", na ni sahihi, maana randint(1, 100) inaihesabu na 100 yenyewe, tofauti na range inayoishia kabla ya namba ya mwisho. Niliposoma hapo nilijivuna, nikamwita baba yako aje aone. Halafu wasiwasi ukanirudia: na hapa ulifikiri mwenyewe, au ulikopi na kupesti ikatokea kuwa sawa? Sipendi kukuuliza hivyo. Ila mtu aliyefikiri na aliyebandika, kazi zao zikiwa sawa huwezi kuwatofautisha. Unawajua siku ikiharibika.

Umempa mchezaji nafasi 10. Ni nyingi mno. Ukianza na 50, kila mara ukakata katikati ya zilizobaki, nafasi 7 zinatosha kuipata namba yoyote kati ya 1 na 100, kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 7 ni 128. Zikiwa namba 1,000, zinatosha 10. Zikiwa milioni nzima, zinatosha 20. Hilo ndilo lililonivuta mimi kwenye mchezo huu nilipokuwa najifunza, na natamani likuvute na wewe, kwa sababu ni njia ileile inayotumika kutafuta jina kwenye orodha ndefu iliyokwisha pangwa. Sasa fikiria mtu anayekata katikati halafu anadanganywa. Akiambiwa "kubwa mno" wakati ni ndogo, anatupa nusu ileile yenye jibu, na hana sababu ya kuirudia. Afadhali mara mia programu ikatike na kumwaga ujumbe mrefu wa kosa. Ikikatika unajua pa kuanzia. Hii yako iliendelea kuzungumza kwa adabu, na karibu kila ilichosema hakikuaminika.

Kwa hiyo nakuomba, kabla hujaondoka, fungua faili tupu. Uandike upya bila kuchungulia ule wa kwanza wala kumuuliza mtu, wala mashine. Ukikwama, soma ujumbe wa kosa kuanzia mstari wa mwisho, maana huko ndiko Python inasema kilichotokea, na kwa sauti kama huwezi kimyakimya. Unapojaribu, weka print ikuonyeshe namba ya siri kwenye skrini ili uone kama majibu yanasema kweli, uiondoe mwishoni. Jaribu 1, jaribu 100, jaribu 9 wakati siri ni 63, jaribu neno. Ikikuchukua siku nzima, ikuchukue.

Najua hukuzoea kukaa na tatizo. Hapa nyumbani kila ulipokwama kulikuwa na mtu mzima wa kukwambia "hebu pisha" na kurekebisha mwenyewe ili tukalale. Huko uendako hayupo. Utapewa kazi ya kuandika, utaambatanisha, itapita, na hakuna atakayekuuliza kama uliusoma ule ujumbe. Mimi ndiye ninayekuuliza. Uliusoma?

Mdogo wako ameshahamia kwenye meza yako na anadai kompyuta ya zamani ni yake. Nimemkubalia, kwa hiyo toa vitu vyako humo kabla hajavifuta. Kuna picha na kazi zako za mwaka jana. Blanketi zito nimelifua, liko juu ya kabati, ulibebe hata kama unasema hutalihitaji. Daftari la mistari usiache, chora humo mzunguko wako kabla ya kugusa kibodi. Chaja yako inalegea pale kwenye plagi, nayo ikikatika katikati ya kazi usije ukasema hukuambiwa. Baba yako atakununulia nyingine Ijumaa, mpigie umwambie ni ya aina gani, maana akienda bila maelezo atarudi na isiyoingia.

Mchezo mpya nitumie Jumamosi kabla ya saa mbili usiku, nipate muda wa kuucheza. Mdogo wako naye anataka kuujaribu, na yeye huanza na namba za chini.

Mama yako