Barua kwa mabinti wa ndondi: jifunzeni kukataa pambano

Mabinti zangu mnaofunga glavu Kariobangi, Mathare, Muthurwa, Kibra, Nakuru, Kisumu na Mombasa,

Nawasalimu nyote. Wengi wenu mnanijua kwa sura: mimi ndiye yule mama wa kona, anayemhudumia bondia kwenye kona ya ulingo, mwenye mkasi, pamba na rola za bendeji. Nilianza kufunga mikono ya mabondia enzi ambazo msichana akionekana mlangoni mwa holi aliulizwa anamtafuta nani. Siku hizi mnaingia wengi, mnajua mnachokitaka, na moyo wangu unafurahi. Ila kuna jambo sijaliona likifundishwa kwenye holi lolote. Mnafundishwa kurusha konde, kukwepa, kuzunguka ulingo na kustahimili. Hamfundishwi kukataa pambano. Na kwa niliyoyaona, bondia wa kike asiyejua kukataa hamalizi safari yake salama, hata awe na kipaji cha namna gani.

Mnamtaja sana Fatuma Zarika, bingwa wetu, na mna haki. Tarehe 1 Oktoba 2016, mjini Flint, jimbo la Michigan, Marekani, alimshinda Alicia Ashley na kutwaa ukanda wa WBC, yaani Baraza la Ndondi la Dunia, wa uzani mwepesi uitwao super-bantam. Majaji hawakuafikiana: wawili walimpa Zarika, mmoja akampa Ashley. Kumpokonya bingwa ukanda ugenini kwa alama ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu raundi isiyo na mshindi wa wazi kwa kawaida humwendea mwenyeji au mwenye ukanda. Nilipopata habari nililia.

Lakini ile picha ya Zarika na ukanda wa kijani mliyoiweka kwenye simu zenu, itazameni vizuri. Nyuma yake kuna miaka kama kumi na mitano ya ndondi za kulipwa. Alianza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Alipopanda ule ulingo wa Flint alikuwa ameshapoteza mapigano zaidi ya kumi, na alikuwa mama. Na huyo Ashley, mzaliwa wa Jamaika, alikuwa na umri wa miaka 49 akiwa bado bingwa wa dunia. Miaka arobaini na tisa! Kwa hiyo msichana wa miaka 21 anayeniambia, "Mama, nikikosa hii nafasi nimekwisha," namwambia akae chini anywe maji. Ndondi za wanawake zina subira. Asiye na subira ni yule anayetaka jina lako lijaze bango lake la wiki ijayo.

Angalieni pia Zarika alivyoulinda ukanda huo. Desemba 2017 alimleta Catherine Phiri wa Zambia, ambaye naye alikuwa amewahi kuwa bingwa wa dunia wa WBC, mpaka viwanja vya Carnivore hapa Nairobi, na Wakenya wakaona kwa macho yao pambano la ukanda ule likipiganwa nyumbani. Septemba 2018 akaenda Mexico kwa Yamileth Mercado, akamshinda kwao. Desemba mwaka huohuo akamshinda Bukiwe Nonina wa Afrika Kusini pale jumba la mikutano la KICC, Nairobi, na Machi 2019 Phiri akarudi, akashindwa tena. Hesabuni wenyewe: mapigano matatu ya ukanda kati ya Septemba na Machi. Mabingwa wengi wa kiume wa siku hizi hupanda ulingoni mara mbili kwa mwaka mzima, na pesa zao huwaruhusu kupumzika. Novemba 2019 Zarika akarudi Mexico, na safari hiyo Mercado akauchukua ukanda.

Simlaumu kwa lolote. Bingwa wetu alipigana kila alipoitwa kwa sababu mwanamke wa ndondi Kenya halipwi kwa kuwa bingwa, analipwa kwa kupigana. Wadhamini wakiwepo anakula, wakiondoka anaanza upya. Mwaka huohuo wa 2019 kampuni kubwa ya kamari iliyokuwa ikidhamini michezo hapa nchini ilisitisha udhamini wake, na kila mchezo ukayumba. Ndiyo sababu nasema kukataa kunahitaji maandalizi. Mwenye njaa hakatai.

Basi tuzungumze pesa kwanza.

Mtu akikwambia pambano lina dola 5,000, usiende nyumbani ukiwaza dola 5,000. Meneja akichukua theluthi, kama mikataba mingi inavyosema, zimeondoka karibu 1,667. Kocha asilimia 10, nazo ni 500. Kama ni la ukanda, shirika la ndondi lenye ukanda huo linachukua ada yake. Tuseme asilimia 3, yaani 150. Umebaki na kama 2,683, na bado hujalipa kodi, vipimo vya daktari, nauli ya mtu wako wa kona, wala chakula cha wiki zote za kambi. Uliza hayo yote kabla, na uliza nani anayelipa nini. Promota mwaminifu hakasiriki akiulizwa. Anayekasirika ameshakujibu.

Na mtaambiwa, kama nilivyosikia wakiambiwa wengine, kwamba mwanamke analipwa kidogo kwa sababu pambano lake la ukanda ni raundi 10 za dakika mbili, na la mwanamume ni 12 za dakika tatu. Hoja hiyo isiwanyamazishe. Tarehe 30 Aprili 2022 Katie Taylor wa Ireland na Amanda Serrano wa Puerto Rico walijaza Madison Square Garden ya New York kwa raundi 10 za dakika mbilimbili, na kila mmoja aliondoka na angalau dola milioni moja. Watu hawakudai kurudishiwa kiingilio kwa sababu dakika zilikuwa chache. Serrano amekwenda mbali zaidi: Oktoba 2023 alipigana raundi 12 za dakika tatu kama wanaume, na WBC iliposhikilia msimamo wake wa dakika mbili, akauachia ukanda wao. Bingwa aliyekataa, huyo. (Nyinyi wa Nakuru mna holi lenu la ndondi liitwalo Madison Square Garden, na waliotoka humo wameliletea taifa medali. Msiione ndogo.)

Sasa mwili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Ninapofunga mkono wa bondia naanza na kitanzi cha dole gumba, nazungusha kifundo, napanda kwenye mafundo ya vidole, napita katikati ya kila kidole, narudi kifundoni. Kisha namwambia akunje ngumi na nabonyeza kucha zake. Zikibaki nyeupe bila damu kurudi upesi, nimekaza mno, nafungua naanza upya. Katika dakika hizo chache, mkono ukiwa kwenye goti langu, huniambia ukweli ambao bondia hajamwambia kocha. Mkono mkavu na baridi, midomo iliyopasuka, macho yaliyozama: huyo jana alikuwa amejifunika nailoni akikimbia juani ili apungue. Nimewaona wakitafuna chingamu na kutema mate kwenye chupa usiku kucha kwa ajili ya gramu mia za mwisho. Wanapita mizani, wanashangiliwa, na kesho yake wanapanda ulingoni wakiwa wamekauka. Madaktari wa ndondi wanaonya kila siku kwamba kichwa cha mtu aliyekauka maji kinaumia kwa urahisi zaidi. Na nyinyi mna jambo la ziada ambalo makocha wengi wa kiume wanaona haya kulitaja: hedhi inayokatika miezi mitatu au minne kwa sababu ya kujinyima chakula si dalili ya kwamba umekuwa mwanamichezo wa kweli. Ni mwili unaolia. Nenda kliniki.

Kwa hiyo pambano la kwanza la kukataa ni lile linalokutaka upunguze kilo nyingi kwa siku chache. Nakumbuka binti mmoja wa mtaa wetu aliyepigiwa simu aende nje ya nchi kupigana na mwenyeji ambaye hajawahi kupoteza. Mpinzani wa awali alikuwa amejitoa. Zilibaki siku chache, uzani ulikuwa wa chini kuliko wake, na aliyepiga simu alirudia neno moja, "nafasi." Alikwenda. Alirudi na jicho lililofumba, na malipo yaliyokatwa vitu ambavyo hakuna aliyeweza kumweleza. Alikuwa na mkono wa kushoto mzuri kuliko yeyote niliyemfunga miaka ile, na hakurudi tena holini. Nilikuwa namtakia mema kama mwanangu, na hasira yangu kwa wale waliompeleka haijaisha.

Kichwa. Mliozaliwa juzi huenda hamjasimuliwa habari za Robert Wangila Napunyi vya kutosha. Alituletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul 1988, akaenda Marekani kupigana kwa kulipwa, na Julai 1994 alifariki Las Vegas kwa majeraha ya kichwa aliyoyapata ulingoni. Alikuwa kijana bado. Ukiangushwa kwa KO, yaani ukashindwa kuinuka kabla mwamuzi hajamaliza kuhesabu, kaa nje ya ulingo muda wote uliowekwa na daktari, na sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzako, pia usifanye. Hasa sparingi. Holi zetu zina wasichana wachache, basi mnaingizwa na wavulana wenye kilo kumi zaidi, na mnapigwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa makonde ambayo hayaandikwi kwenye rekodi yoyote. Ubongo unayaandika. Mvulana anayetaka kuonyesha ubabe kwa binti kwenye sparingi hajui ndondi, na kocha anayemtazama akicheka hastahili filimbi yake. Tokeni ulingoni, vueni glavu. Hilo nalo ni kukataa.

Siwezi kuandika barua hii bila kumtaja Conjestina Achieng. Mwaka 2004 alimshinda Fiona Tugume wa Uganda na kutwaa taji la kimataifa la uzani wa kati, akatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kufika hapo. Nchi nzima ilikuwa ikimwita Conje kwa mapenzi. Alipougua, wengi waliokuwa wakipiga naye picha walipotea, na habari zake zikawa zinarushwa kwenye runinga kila baada ya muda, watu wakimhurumia wiki moja na kusahau wiki inayofuata. Sisemi ndondi ndizo zilizomletea maradhi. Maradhi ya akili humpata yeyote, na hayana aibu. Ninachosema ni kwamba bingwa alihitaji daktari wake, akiba yake na watu wake kabla ya siku ya kuugua, na sisi kama mchezo hatukuwa tumemwekea chochote. Msisubiri tuwawekee. Bima ya afya, chama cha akiba, mtu wa familia anayejua pesa zako ziko wapi: anzeni na hayo mkiwa bado mnapigana raundi nne za wanaoanza.

Ndiyo maana nawasihi pia msikimbilie kulipwa mapema. Christine Ongare alileta shaba ya Jumuiya ya Madola kutoka Gold Coast 2018, medali ya kwanza ya bondia wa kike wa Kenya katika michezo ile, akaenda na Olimpiki ya Tokyo, yote kwa ndondi za ridhaa. Timu za Polisi, Jeshi na Magereza zimewalea mabondia kwa miaka mingi, na anayeajiriwa huko ana mshahara mwisho wa mwezi. Mwenye mshahara akipigiwa simu ya siku kumi anaweza kusema, "Nipe wiki nane au tafuta mwingine."

Liko lingine nitalisema wazi. Kocha, meneja au promota anayekutaka kimwili ili akupe pambano, hakupi pambano. Hama holi siku hiyohiyo, na umwambie mwanamke mmoja unayemwamini. Usione haya, aibu ni yake. Na wazee wenzangu mnaojua majina na mnanyamaza, nanyi nawasemesha hapa.

Mwisho, ombi kwa nyinyi na kwa makocha wenu. Tuache wasichana wawiliwili waliotawanyika kila holi, kila mmoja akipigwa na wavulana wa kwao. Nawaomba wa Kariobangi, Mathare na Muthurwa tuwe tunakutana Jumamosi moja kila mwezi, tuwapange kwa uzani, sparingi ya binti kwa binti, daktari akiwepo. Mizani ninayo, bendeji nitaleta. Makocha walio tayari wanipe orodha ya wasichana wao, kilo zao za kweli na tarehe ya KO ya mwisho kama ipo, ili tujue nani aanze na nani asubiri.

Mama yenu wa kona