Bia ya pabu sio ya moto, na hujaibiwa

Wiki hii tena tumeletewa ile meseji: "Nimelipa hela yote hio nikapewa bia ya moto, imekata gesi, tena kwenye vigilasi vya watoto." Jamani. Tunapeleka watu wetu kutoka Afrika Mashariki kuonja bia za kienyeji kwenye pabu za vijijini huku Oxfordshire, Uingereza, na kila msimu lalamiko ni lilelile, sasa ngoja tulimalize.

Hio "moto" kwanza. Baa za nyumbani unaulizwa ya moto au ya baridi, huku kwa hizi bia za kienyeji, za pipa, hilo swali halipo. Inakaa stoo ya chini kwenye nyuzi 11 mpaka 13, ubaridi wa maji ya mtungini, kwa sababu ndani ya pipa hamira bado iko hai na bia inamalizia kuchachuka hukohuko pabu. Gesi yake ni ya kujitengenezea, ndo maana haikupigi puani kama laga, zile bia za baridi ulizozoea. Kuna kaka mmoja aliomba barafu, mwenye pabu akampa kwa heshima zote, baada ya muda anatuambia bia ya Waingereza ni maji matupu. Na kwenye glasi yake yalikuwa maji kweli! Lakini mzee mmoja wa Moshi, mnywaji wa mbege toka ujana wake, alinusa, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akasema "hii bado inafanya kazi" na hakuna aliyemfundisha.

Vigilasi navyo: theluthi ya painti, mililita 189, ni kipimo cha kisheria na glasi ina alama yake, tatu ni painti nzima ya 568, kwahiyo hujapunjwa hata tone. Tunaanza na nyepesi kama Hooky ya asilimia 3.5, tunapanda Old Hooky ya 4.6, zile nyeusi nzito zinakuja mwisho. Hizo mbili ni za Hook Norton, kiwanda cha tangu 1849, na mpaka leo ukibahatika unakutana na farasi wao wakubwa wanapeleka mapipa kwenye pabu za jirani. Sasa wapo wanaojifanya wajanja, wanarukia nzito kwanza ili hela irudi, halafu tukifika kwenye nyepesi ulimi umeshakufa ganzi na lawama kwetu.

Bei. "Painti yenyewe si pauni tano sita, mbona nyie mnachaji hivyo?" Pipa la kawaida lina painti 72 na likishafunguliwa linataka liishe ndani ya siku tatu hivi, hewa ikizidi bia inaelekea kwenye siki. Kwahiyo jioni ya kuamkia safari tunapiga simu pabu zote kuuliza nini kimefunguliwa na lini, na mahali tukiambiwa pipa ni la tangu juzi na wateja walikuwa wachache, tunabadilisha njia. Hio kazi huioni kwenye risiti. Na ikitokea imechacha, mwenyeji wetu anairudisha kaunta kistaarabu na inabadilishwa bila ugomvi, ila iwe imechacha kweli, sio kwamba umeshaifikisha nusu ndo umegundua hupendi.

Bado kuna shotikati ya "tutaenda wenyewe." Vijana fulani walichukua ratiba yetu wakaenda kivyao Jumapili, wamefika mchana umeshapita jiko limefungwa, wamekaa mezani wanasubiri mhudumu wakati huku unajifuata mwenyewe kaunta, na kila pampu ya bia pale kaunta wanaomba kuonjeshwa bure. Kuonjeshwa kidogo kabla ya kununua sawa, ila pampu zote sita na foleni iko nyuma yako? Kurudi, basi hakuna. Teksi ya kijijini mpaka mji wa Banbury na treni juu, ikapita bei yetu, na wametuhadithia wenyewe wakicheka. Afadhali hao walipanda teksi, kuliko wanaokodi gari wakisema "moja tu kila mtu", polisi wa huku kipimo hawana utani nacho na leseni inaondoka.

Dereva wetu anakunywa soda siku nzima, na huyo naye analipwa.

Ukibuku tuambie mapema kama huli vitu vya wanyama, maana bia nyingi za pipa zinasafishwa kwa mabondo ya samaki, tutakutafutia ambazo hazina. Na anayetaka barafu lazima, aagize sida, ile pombe ya matufaha, sida na barafu hakuna atakayemshangaa.