Barua kwa Wanjiru, kabla ya Jumatatu

Wanjiru mama,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifika tu kwenye neno "malipo", mtandao unakatika.

Umesema ni atachimenti, mazoezi ya kazi ya chuo, ya miezi mitatu Kibera, kufundisha watoto kuchora na kupaka rangi ukuta wa shule. Vizuri. Sasa nijibu nilichouliza: barua iko wapi? Si ujumbe wa simu. Barua yenye muhuri, inayosema unaanza lini, unamaliza lini, nani atakutilia sahihi logibuku, lile daftari la kazi za kila siku, na nauli ni ya nani. Kutoka hapa Kariobangi ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na mvua ikinyesha unawajua makanga. Chuoni nako ulizia bima. Ukianguka kwenye ngazi, nitaambiwa ulikuwa unajitolea. Kujitolea ni neno tamu sana mdomoni mwa anayefanyiwa kazi.

Sisemi hao watu ni wabaya. Kibera ina wasanii wa kweli. Kundi la Maasai Mbili walianza 2001, vijana wawili waandishi wa mabango, na leo wanajulikana hadi ng'ambo. Mimi nilikuwa na brashi hizo hizo, miaka hiyo hiyo. Mama yako hupenda kunikumbusha.

Lakini kuna mtu pia alikuwa na kibanda hapa Kariobangi Light Industries, akachukua kijana wa kumpigia msasa bodi za matatu na kumjazia herufi. Mwaka mzima alimlipa chai na chapati, akimwambia anajifunza. Kijana alikuwa na mkono mzuri kunishinda. Siku hizi anaendesha boda. Tukikutana stejini hunisalimu kwa heshima, na ni afadhali angenitukana.

Kwa hivyo, barua.

Huo ukuta, ukwangue kwanza na uache ukauke kabisa. Sehemu ya chini hunyonya unyevu, na ukikosa undakoti, ile rangi ya chini, rangi ya juu itabambuka kabla muhula haujaisha, halafu waseme mwanafunzi ndiye hajui kazi. Watoto wape rangi ya maji, thina wasiiguse. Na usiweke sura zao mtandaoni kabla ya kuuliza wazazi wao. Hilo sikufundishi, nakukumbusha, maana nimeona simu yako.

Ile picha ya shosho nimeitundika kazini. Mteja aliuliza bei, nikamwambia haiuzwi. Ningekuambia mapema ila nilikuwa bado nimekasirikia karo.

Maji yalikuja Alhamisi peke yake. Njoroge amepasua viatu tena, vile vya Januari. Mama yako anataka ile sufuria kubwa, Jumapili chama kiko kwetu. Brashi zangu mbili za inchi moja nimekuwekea kwenye mkoba wa buluu. Zioshe kila jioni, usizilaze kwenye mkebe. Ukija kuzichukua, kuja na barua niisome.

Baba yako