Risala ya Watafiti wa Miti ya Mjini kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Idara, wasimamizi wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya watafiti wa baada ya uzamivu, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika. Wapo waliokubali tu.

Historia yetu ni fupi. Tulianza wawili na ngazi ya kuazima. Leo tuko watano na ngazi ni yetu. Tunachunguza mti wa mjini unavyopumua: unavuta nini, unatoa nini, na saa ngapi. Mafanikio yetu ni makubwa. Tumebandika namba kwenye miti ya barabara nzima, na bango letu katika kongamano lilivuta umati mkubwa, hasa wakati wa mapumziko, maana lilitundikwa karibu na mlango.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hayo yatosha. Tunalo ombi moja.

Kila mtu anajua kwamba mti hufyonza hewa ukaa. Wachache wanajua kwamba mialoni, mipopla na mikaratusi hutoa pia gesi iitwayo isoprini, ambayo husaidia jani kustahimili joto. Peke yake si tatizo. Lakini ikikutana na oksidi za nitrojeni zitokazo kwenye magari, jua likiwa kali, huchangia kutengeneza ozoni, na ozoni hii ya huku chini tunakopumua huumiza mapafu. Mwaka 1988 watafiti walionyesha, kwa kuutazama mji wa Atlanta nchini Marekani, kwamba mpango wa kusafisha hewa ukiisahau miti, hesabu zake huenda kombo. Hatusemi miti ikatwe, ingawa tumeshasingiziwa hilo. Tunasema anayepanda maelfu ya miche kando ya barabara ajue anapanda nini, kwa kuwa mti hudumu kuliko cheo cha aliyeidhinisha upandwe.

Ili ajue, lazima mtu apime. Msonobari huweka harufu yake akiba ndani ya utomvu. Isoprini haina akiba. Jani huitengeneza penye mwanga na kuiachia papo hapo, na joto likipanda, nayo huongezeka. Kwa hiyo hatuwezi kuchuma jani leo tukalipima wiki ijayo. Linapimwa likiwa mtini, jua la mchana likiwaka, tena kwa siku nyingi. Mashine tunayoazima hutufikia wenyewe wakishamaliza haja zao, na mara nyingi huwa ni wiki ya mawingu. Ndiyo maana katika daftari letu mkaratusi unaonekana malaika.

Tunaomba, basi, kipima isoprini cha kubebeka pamoja na chemba ya kubana jani. Kimoja tu.

Mheshimiwa, ombi hili si geni, nasi hatuoni haya kulirudia. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi mashine kabla majani hayajapukutika. Yamepukutika, yakachipua, yakapukutika tena. Mgeni wa mwaka jana, ambaye tunamheshimu sana, alituagiza tuandike andiko. Tukaandika. Tukaambiwa ni refu, tukalifupisha. Tukaambiwa halina maelezo ya kutosha. Nakala zote mbili, refu na fupi, zimo kwenye bahasha utakayokabidhiwa, utachagua mwenyewe.

Tunakumbusha pia, bila nia ya kukuharakisha, kwamba mikataba yetu ni ya miaka miwili, na wawili kati yetu wamebakiza msimu mmoja wa joto. Wakiondoka na ujuzi wao kabla mashine haijaja, atakayeipokea atakuwa mgeni kwenye miti ile, na itabidi aanze kusoma namba za vibandiko.

Mwisho, tunaomba radhi kwa meza iliyo mbele yako, iliyowekewa maua. Ni ndefu na nyembamba kwa sababu ilitengenezwa kwa vipimo vya mashine hiyo, wiki ileile tulipopewa ahadi ya kwanza. Baada ya hotuba yako tutaondoa maua na kuirudisha maabara, pale penye soketi, na tungefurahi ukifuatana nasi upaone.

Tunaomba kuwasilisha.